Malori Yanayorudi Matupu

Madereva walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na undugu na hata mmoja wao. Kazi yake ilikuwa udalali: kuyatafutia mizigo malori yanayorudi bandarini. Yalikuja yamesheheni saruji na mabati, yakishusha hayana cha kubeba. Lori likirudi tupu mafuta linakunywa vile vile, na mwenye lori hufidia hasara hiyo kwenye nauli ya saruji ya safari inayofuata. Ndiyo maana mjini pale kila kitu kilikuwa ghali, na ndiyo maana Shangazi alikuwa na kazi. Alishinda kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa uwanja wa malori, miguu imemvimba, sauti imemkauka kwa kubembeleza watu.

Asubuhi hiyo mdogo wake wa kiume, mkulima, alimpigia simu.

"Dada, kabichi zimekomaa mpaka zinapasuka shambani. Nitafutie gari."

"Barabara yenu imekauka?"

"Imekauka kabisa! Njoo hata na viatu vyako vya harusi."

Alimjua mdogo wake. Akitaka kitu, huona anachotaka kuona. Lakini kubishana nako kunataka nguvu. Akamwendea dereva mmoja mwembamba, jina la utani Msumari, aliyekuwa amejinyoosha kivulini mwa lori lake akisubiri mzigo tangu juzi.

"Mwanangu, kuna kabichi. Ila ziko ndani kidogo, nje ya lami."

"Ndani kidogo ya kweli, Shangazi, au ile ya wenye shamba?"

"Twende wote."

"Haya. Tukizama, nitakuwa na shahidi."

Lami iliishia kwenye kituo cha mafuta. Kutoka hapo barabara ilikuwa mashimo na mifereji, lori likiyumba kama limelewa. Walipofika bondeni, karibu kabisa na shamba, wakakuta tope jeusi linang'aa. Msumari akasimamisha gari, akamtazama. Shangazi angeweza kusema warudi. Akauona akilini uso wa mdogo wake, akaiona na safari ya kurudi mikono mitupu.

"Pitia kushoto," akasema.

Gurudumu la nyuma likadidimia, kisha wakasikia mlio kama wa ubao unaokatika. Springi ilikuwa imevunjika.

Mdogo wake alikuja mbio na majirani nyuma yake. "Sasa dada, kabichi zangu?"

"Ulisema pamekauka."

"Si pamekauka? Sisi tunapita kila siku."

"Na nini?"

"Na baiskeli."

Msumari peke yake ndiye aliyecheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Fundi alifika kwa pikipiki jua likiwa kali, na springi kuukuu kaifunga kwa kamba nyuma ya kiti. Walichimba, wakasukuma, wakachafuka. Gari lilipotoka, Msumari alilirudisha kinyumenyume mpaka pakavu na kuapa kwamba hasogei tena hata hatua. Basi kabichi zikamfuata yeye, kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu. Zilizofika hazikujaza hata nusu ya lori; nyingine zilibaki shambani zikinyauka. Mwenye lori alifoka kwenye simu hadi majirani wakainamisha macho. Shangazi akautoa ujira wake wote kulipia springi, na bado mdogo wake akakatwa sehemu kubwa ya mauzo.

"Msimu ujao nalima za kula na wanangu tu," mdogo wake alisema. "Za mjini waje wazilime wenyewe."

Shangazi alitaka kumwambia avumilie, barabara itatengenezwa. Maneno hayo alishayasema miaka mingi. Safari hii akamshika bega tu, akapanda garini.

Taa za mji zilipoonekana, Msumari akapunguza mwendo.

"Shangazi, siku nyingine nitafutie mzigo ulio juu ya lami."

"Wa juu ya lami unagombewa na wenzako wote, mwanangu."

Uwanjani aliteremka polepole, mkono kiunoni. Kabla hajanyooka vizuri, dereva mwingine alishamwita kutoka upande wa pili.

"Shangazi! Nina gari tupu hapa!"

"Nakusikia, baba," akajibu. "Acha ninywe maji kwanza."