Macho ya Dada Yangu

Nilianza kujifunza kuchora nikiwa na miaka hamsini na sita, hapa Kahororo, baada ya mgongo kunikataza cherehani. Walimu wangu walikuwa simu na daftari lisilo na mistari. Ndizi nilizichora hadi mume wangu akauliza kama tunafungua genge. Baadaye nikahamia kwenye nyuso, nikawa nazipima kwa futi yangu ya kushonea, jicho hadi jicho, pua hadi kidevu. Fundi ni fundi tu.

Ila macho sikuyatia. Jirani yangu alishaniambia, "Mama, ukichora kiumbe chenye roho, Siku ya Kiyama utaambiwa ukipe uhai. Utaweza?" Nilicheka mbele yake. Alipoondoka nilifunga daftari. Tangu hapo kila uso niliouchora ulibaki na matundu meupe.

Kisha akaja binti wa marehemu dada yangu, kutoka Ngenge, Muleba, alikolelewa na bibi mzaa baba. Mama yake alifariki siku ileile aliyomzaa. Picha mbili tulizokuwa nazo ziliozea sandukuni kwa unyevu. Sasa binti mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Mama mdogo, nimesikia unachora," alisema, hata chai hajaigusa. "Nichoree mama. Nataka nimwone kabla sijaingia leba. Naogopa, waitu," alimalizia, kwa neno letu la heshima.

Nilitaka kukataa, mdomo ukanisaliti. Nikamwambia aje Jumamosi.

Wiki ile nilichora paji la uso, mashavu, mwanya wa meno ya juu, mtandio alivyopenda kuufungia nyuma. Vyote vilikuja vyenyewe. Jumatano nilimwomba Mungu msamaha, nikashika penseli nitie macho. Mkono ukagoma. Nikajiambia ni hofu ya dhambi. Alhamisi nilichora na kufuta, nikachora na kufuta, mpaka karatasi ikatoboka, na hapo uongo wangu ukaniishia. Sikuwa nikiyakumbuka. Kila nilipomfikiria dada, nilimwona siku tuliyomwosha kabla ya kumzika, mimi nikiwa upande wa kichwani kwa sababu ndimi ndugu yake. Nilimpitishia maji usoni mara tatu kwa mkono huuhuu. Macho yalikuwa yamefumbwa, na hayo ndiyo pekee niliyobaki nayo. Jirani alinipa kisingizio tu, nami nilikipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa nilianza upya kwenye karatasi nyingine. Jumamosi binti akafika, akauweka uso wa mama yake mapajani, akautazama muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye ule mwanya, kisha akagusa mwanya wake mwenyewe.

"Na macho?" aliuliza.

Penseli ilikuwa mezani. Ningeweza kumtilia macho yoyote, yangu, ya jirani, ya mtu niliyemwona sokoni, naye angeyapenda maisha yake yote na kumwonyesha mwanawe. Wengine waliomjua vizuri walishatangulia; hakuna aliyebaki wa kunisahihisha. Hilo lilinitisha kuliko Kiyama.

"Siyakumbuki," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo, ya aibu. "Nimeyasahau macho ya mama yako, mwanangu. Nisamehe."

Niliogopa atalia, au atainuka arudi Ngenge na asikanyage tena kwangu.

"Basi sasa tuko wawili tusioyajua, Mama mdogo," alisema. "Nilidhani niko peke yangu."