Kadi Iliyokwenda Nakuru

Siku hizi ukinunua kitu kwa simu unaletewa na kijana wa bodaboda asiyejua hata kulitamka jina lako, na ndani ya mfuko mna karatasi iliyopigwa chapa ng'ambo ikikwambia kwamba unapendwa. Zamani Jumaa Kombe wa Kisauni hakufunga kifurushi cha mtu kabla hajakumbuka kama mama wa mtu huyo amepona miguu.

Udi wenyewe ulikuwa wa dada yake, Mishi. Aliupika nyuma ya nyumba kwa sukari, vumbi la sandali na mafuta ambayo hakumtajia mtu majina yake, na nguo iliyofukizwa Ijumaa kwa udi wa Mishi ilinukia hadi Jumatatu. Mwaka wa 1982 jirani yao Bi Salme alihamia Nakuru kumfuata mumewe, Abdillahi, aliyehamishwa na kazi ya reli. Haikutimia miezi miwili akaandika kwamba udi unaouzwa huko bara unanuka kama kuni mbichi, tafadhali wamtumie wa nyumbani. Jumaa akafunga, akapeleka posta. Bi Salme akawafukizia wageni wake, nao wakauliza umetoka wapi. Ilipofika 1990 vifurushi vilikwenda Nakuru, Eldoret, Kisumu, hadi Kampala, kwa watu wa pwani waliochukuliwa huko na kazi au ndoa. Nakuru peke yake ilikuwa na nyumba thelathini, na zote ziliingia kwa mlango wa Bi Salme.

Jumaa alikuwa karani wa biashara hiyo bila kuitwa karani. Shule hakwenda. Katika chuo cha Kurani alisoma herufi za Kiarabu, na zile za Kizungu alijifundisha mwenyewe kwenye magazeti waliyofungiwa sukari dukani. Lakini barua alijua kuandika. Alianza kwa salamu, akamuuliza kila mtu wa nyumba ile kwa jina lake, akaeleza kwamba wao ni wazima na hofu ni kwao walio mbali, ndipo akashukuru kwa oda. Kisha akatia kitu. Hakikuwa kitu kikubwa: tende saba zikikaribia siku za kufunga, kungumanga moja kwa nyumba yenye mama aliyejifungua, majani makavu ya rehani kwa msichana aliyeposwa. Mwalimu Kafedha, Mgiriama aliyefundisha Eldoret, alitumiwa mbegu za mchunga, maana aliwahi kuandika kwamba ana miaka minne hajaonja mboga chungu. Mwaka uliofuata aliandika kuwa mchunga umeshika nyuma ya nyumba ya walimu, na majirani wanamshangaa kwa kula majani.

Hapo akaja Jaffar na elimu yake.

Jaffar alikuwa mwana wa Mishi, mtu mzima wa miaka ishirini na minane, aliyesomea biashara kwa mwaka mmoja na nusu katika chuo kimoja mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na mwenye haraka hulipia kwa mali ya wenziwe.

"Mjomba," alisema siku moja ya mwaka 1991, akimtazama Jumaa anavyoandika, "barua moja imekuchukua asubuhi nzima."

"Bi Zuhura ana watoto tisa. Nisimuulize nani?"

"Waulize wote kwa pamoja. Andika 'watoto hawajambo?' Basi."

"Hivyo ndivyo wanavyouliza polisi."

Mishi, ameinyosha miguu yake iliyomuuma, alicheka huku akikoroga udi wake. Jaffar hakucheka. Alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake, jambo lililomuudhi Jumaa zaidi: kulikuwa na oda kumi na moja zinazongoja, na mmoja wa Kisumu alikwisha kuuliza kama wamehama.

Wiki ya pili Jaffar alileta kadi. Alizitoa chapa mjini, mia tatu, rangi ya waridi, maua pembeni. Ziliandikwa: *Mteja wetu mpendwa, asante kwa kutuchagua. Wewe ni mfalme wetu. Jipambe, ufurahi, umpendeze akupendaye.* Pamoja na kadi kulikuwa na vichupa vya marashi. Oda ndogo ingepata kadi tupu, ya kati ingepata kichupa kidogo, kubwa ingepata kikubwa.

Jumaa aliisoma kadi mara mbili. "Bi Salme naye ni mfalme?"

"Ni namna ya kusema tu, Mjomba."

"Namna ya nani? Sisi hapa wafalme tuliwafukuza. Na huyu ampendaye Mwalimu Kafedha wewe umemjulia wapi? Mama yule hajaolewa, ataambiwa nini na wanafunzi wake?"

"Kila mtu hupenda kushukuriwa."

"Kushukuriwa yeye. Hii imemshukuru nani?"

Walibishana siku tatu. Jaffar alitaka barua zote zifike kwake kwanza, azitie katika jedwali lenye mistari: udi, tibu ya kujipaka, ubani, marashi, na kiasi. Mishi alijaribu kupatanisha, akasema labda kadi iende na barua ya kaka iende. Jaffar akasema hapo haraka iko wapi. Mwisho Jumaa akachoka. Aliiweka kalamu juu ya meza ya mpwa wake, akasema, "Fanya utakavyo," akatoka.

Alisusa. Hilo ndilo kosa lake, na yeye mwenyewe alilijua baadaye kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa wiki tatu hakugusa barua hata moja. Alishinda barazani akisoma magazeti ya zamani, na Jaffar alipopita na mzigo wa posta aligeuza uso. Mishi alimwambia, "Kaka, ukimsusia mtoto mdogo anakosa yeye. Ukiisusia kazi yako unakosa wewe." Jumaa aligeuza ukurasa.

Barua ya Bi Salme ilifika katika wiki ya pili ya kususa kule.

Jaffar aliisoma na kufurahi. Haijapata kutoka oda kama hiyo katika nyumba moja: kilo mbili za ubani. Alitia alama katika mstari wa ubani, akafunga ubani safi, akatia kadi ya waridi na kichupa kikubwa cha marashi, akapeleka posta siku ile ile.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi, na bahasha ilikuwa nzito. Siku hiyo Jaffar alikuwa mjini, kwa hiyo Mishi ndiye aliyemletea kaka yake. Ndani mlikuwa na kile kichupa, hakikufunguliwa, na barua ya Johari, binti mkubwa wa Bi Salme. Baada ya salamu aliandika: "Baba alituacha tarehe sita. Mama yumo edani. Tuliomba ubani wa hitima, na umefika, tunashukuru. Pamoja nao tumepata marashi na kadi ya kumwambia mtu ajipambe. Mama amesema niwarudishie chupa, bila shaka ni ya mtu mwingine, asije akaikosa."

Mishi alikaa chini. Mjane aliye edani hagusi manukato wala hajipambi miezi minne na siku kumi, hilo halihitaji chuo cha biashara. Jumaa aliomba ile barua ya kwanza, ya oda. Aliisoma amesimama.

Jaffar aliporudi aliikuta mezani.

"Hakuandika kwamba amefiwa," alisema, na uso wake ulikuwa umeshuka.

"Ameandika. Miaka tisa mwanamke huyu anaagiza udi na tibu. Leo udi hataki, tibu hataki, ataka ubani kilo mbili, na mwandiko ni wa mwanawe. Ulitaka akupigie zumari?"

"Mimi niliona oda kubwa, Mjomba."

"Wallahi uliona kubwa."

Jaffar alisema kwa upole kwamba wanaweza kutoa chapa kadi nyingine, ya kuomba radhi, na kumpunguzia bei oda ijayo. Alisema hayo kwa moyo safi. Jumaa aliona kwamba hakuna mahali pa kuanzia, akaenda kumwambia Mishi afunge nguo.

Walikwenda kwa basi, na ubani mwingine, na maneno ambayo Jumaa aliyapanga kutoka Mariakani hadi Nairobi na kuyapangua kutoka Nairobi hadi Nakuru. Mishi aliingia ndani kwa wanawake. Jumaa alikaa nje ya mlango na shemeji wa marehemu, mzee wa maneno machache aliyemkaribisha kahawa. Baada ya muda sauti ya Bi Salme ilitoka nyuma ya pazia, sauti aliyoijua tangu wakiwa majirani.

"Bwana Jumaa, mmefika salama?"

"Salama, Bi Salme. Poleni sana. Mungu amrehemu."

"Amina. Miguu ya Mishi imekuwaje? Yeye haniambii kweli."

Yote aliyoyapanga yalimtoka. Alisema tu kwamba ile kadi si yeye, na kwamba hata hivyo ni yeye, kwa kuwa aliiacha kazi yake mikononi mwa mtu asiyeijua.

"Yamepita," alisema Bi Salme. "Na yeye ni nani, huyu anayeandika sasa?"

"Mwana wa Mishi. Lakini haandiki. Ile ni mashine."

Pazia halikutikisika. Ndani mtoto alilia akanyamazishwa.

"Mimi nilipoiona," alisema, "nilidhani wewe umekufa. Nikamwambia Johari, Bwana Jumaa amekufa na sisi hatukuambiwa. Nikawalilia wawili, wewe na mume wangu."

Jumaa aliinamia kikombe chake. Shemeji alimwongezea kahawa.

Walirudi Kisauni. Kadi zilizobaki Mishi aliwashia jiko la udi, moja moja, na Jaffar hakumzuia. Mwaka haukuisha akapata kazi katika duka kubwa la mjini, ambako kadi zao ni nzuri zaidi. Jumaa alirudi kwenye kalamu yake. Eda ilipokwisha alimwandikia Bi Salme, naye akamjibu vizuri, salamu kurasa mbili, akamuuliza kila mtu wa nyumba. Oda haikuwemo. Akaandika tena siku za Idi, akajibiwa tena vile vile. Zile nyumba nyingine za Nakuru zilinyamaza moja moja, bila ugomvi, bila sababu iliyotajwa, na kufika 1994 Mishi alikuwa akipika sufuria moja kwa mwezi.

Mara ya mwisho Jumaa kumwona Bi Salme ilikuwa Likoni, mwaka wa 1996, mchana, watu wakisubiri feri. Bi Salme alikuwa mbele yake na Johari ubavuni, wametoka Nakuru wanakwenda harusini ng'ambo ya kivuko. Yeye ndiye aliyemwona kwanza.

"Bwana Jumaa. Hujambo? Na Mishi? Na Jaffar, ameoa?"

"Ameoa. Ana mtoto mmoja."

"Mashallah. Johari, msalimie mjomba wako."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Walisalimiana hadi salamu zikaisha, na zilichukua muda, maana pande zote mbili walikuwa watu wanaojua. Upepo ulivuma kutoka upande wao, na buibui la Bi Salme lilinukia. Ulikuwa udi wa dukani, sukari yake imeungua. Jumaa alingoja. Alijua kwamba akisema neno moja tu, kwamba Mishi angali anapika, Bi Salme angeona haya na kuagiza, na hakutaka oda ya haya. Bi Salme naye alimtazama kana kwamba angesema kitu, kisha akatengeneza mtandio wa bintiye.

Geti likafunguliwa. "Tuombeane dua," alisema Bi Salme, na watu wakawachukua, mama na binti wameshikana mikono, wakashuka kwenye feri.