Barometa ya Baba Iko Dukani Homa Bay

Leo nimeuziwa kitu cha kwetu kama mgeni.

Mnajua ninavyokusanya barometa za zamani, zile za mbao zenye sindano ya kuonyesha kama mvua inakuja. Ukuta umejaa. Mume wangu alishachoka kuuliza.

Hii tabia nilitoa kwa Baba. Kila asubuhi kule Sori alikuwa ananiita niigonge yake na kidole, halafu nimsomee. Sindano ikishuka, Mama haaniki omena, wale dagaa wa ziwa, siku hiyo.

Tulipomzika Baba niliomba hiyo tu. Kaka yangu Odhiambo akaniambia, "Wewe sasa ni migogo, mke wa kwingine. Msichana akishaolewa habebi kitu ya boma."

Nikamwachia. Mila ni mila, ama?

Sasa leo naingia duka la vitu vya kale hapa Homa Bay, naiona ukutani. Ufa wa kioo ni uleule.

Muuzaji, mtu mpole tu, akaanza kuisifu. "Madam, hii iko na historia. Mwenye aliniuzia karibu alie. Anasema akiwa mtoto aliigonga kila asubuhi akimsomea babake, ndio wajue kama wataanika omena."

Maneno yangu, neno kwa neno.

Nikamuuliza, "Hakuwa na dada?"

"Alisema kwao walizaliwa wavulana tu."

Nililipa. Hata sikuomba apunguze.

Odhiambo, najua uko hapa unasoma. Na nyinyi wengine mnaomjua, niulizieni tu: mimi alinizika lini?