Tiketi Moja ya Saa Tisa

Filamu isiyouza hata tiketi moja haionyeshwi. Hiyo ndiyo kanuni ya jumba la sinema ninakofanya kazi, huku Mirdif, Dubai. Robo saa ikipita bila mnunuzi, msimamizi wa zamu anasema khalas, yaani basi, na projekta inazimwa. Kabla ya wiki ile sikuwahi kuifikiria kanuni hiyo. Kazi yangu ni kukagua tiketi mlangoni, kuwaambia watu waweke simu zao chini na kuokota bisi zilizomwagika.

Wiki ile ikaja filamu niliyoifanyia kazi. Ilipotengenezwa nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, Dar es Salaam, msaidizi wa mtu wa sauti, na jina langu limo mwishoni kabisa, karibu na la dereva na la mama aliyetupikia. Msambazaji aliiuza pamoja na filamu kubwa, kama muuza nyanya anavyokuongezea zile ndogo. Jumba likaipangia saa tisa alasiri. Bango halikuwepo. Picha yake ilipita kwenye skrini ya mapokezi, ikaondoka kabla sijamaliza kuisoma.

Nilituma tangazo kwenye kundi la Watanzania wa Dubai. Wengi walijibu inshallah. Mmoja aliuliza ni nani anayetoka kazini saa tisa. Siku baada ya siku ilizimwa, nami nimesimama nje ya mlango wake. Mama, kutoka nyumbani, aliulizia picha kila jioni. Alitaka kuliona jina langu kwenye skrini kubwa, awaonyeshe wenzake wa kikundi cha akina mama. Nilimjibu kesho, kesho. Jumatano ilikuwa siku ya mwisho, maana Alhamisi ratiba inabadilika.

Jumatano ile nikainunua tiketi mwenyewe, kiti cha katikati. Kukikalia nisingeweza, nilikuwa zamu. Kwa hiyo filamu ingeonyeshwa kwa kiti kitupu. Nikajiuliza kama hiyo ni kuonyeshwa kweli. Halafu nikajiuliza ni mtu gani anajiuliza mambo kama haya akiwa ameshika ufagio.

Kwenye benchi karibu na vyoo alikaa dada mmoja wa makamo, mifuko ya manunuzi miguuni. Madam wake alikuwa ameingia na watoto kwenye katuni, yeye akaachwa nje. Nilimsikia akiongea na simu, Kiswahili cha Tanga. Nikapita mbele yake mara tatu. Niliogopa atadhani namtongoza. Niliogopa pia madam akitoka asimkute, nitakuwa nimemponza mtu kwa ajili ya jina langu.

Mara ya nne nikasimama. "Dada, samahani. Nina tiketi haina mtu."

"Haina mtu kwa vipi? Mwenyewe amekufa?"

"Mwenyewe mimi. Ni filamu ya kwetu."

"Mbona huingii?"

Nikamwonyesha beji. Akacheka, akauliza katuni inaisha saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na dakika kumi, na yetu saa kumi na nusu.

"Basi utakuja kuniita mapema, mdogo wangu. Yule mama akitoka asinione, leo nalala uwanja wa ndege."

Nikamwekea mifuko nyuma ya meza yangu. Sikumwambia kwamba niliifanyia kazi filamu ile. Nilihofia angenisifu kwa adabu tu, nami ningekesha nikiipima sifa yenyewe.

Saa kumi na dakika tano nikaenda kumwita. Alitoka polepole, akipepesa macho.

"Umenikatiza," alisema. "Ile mvua kwenye bati, nilishtuka. Nikawaza nani ameanua nguo."

Mvua ile niliirekodi mimi, jikoni kwa shangazi, Morogoro. Nililala chini ya meza saa mbili nzima, kinasa sauti nimekizungushia khanga, shangazi akiniuliza kama naumwa. Maneno yote hayo yalinijaa mdomoni. Nilichosema ni, "Pole, dada."

"Pole ya nini? Niambie, yule bibi anampata mwanawe au hampati?"

"Anampata."

"Usinidanganye."

"Anampata kweli."

Mlango wa katuni ukafunguliwa. Akaichukua mifuko nyuma ya meza, uso ukarudi kuwa wa kazini, akamfuata madam na watoto bila kugeuka.

Saa kumi na nusu niliingia ukumbini peke yangu. Taa zimepangwa kuwaka jina la kwanza linapotokea, ili watu wasijikwae wakitoka. Majina yakapanda yamefifia kama chaki iliyofutwa nusu. Langu lilipofika nilitoa simu, nikatazama mlangoni kama mwizi, nikapiga. Picha ilitoka nyeupe, safu za viti chini yake.

Hakukuwa na bisi za kuokota. Nikafagia hata hivyo. Kisha nikamtumia mama picha.

Akajibu kwamba haoni kitu, akauliza kama watu walikuwa wengi. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena: hapana, lakini mvua yangu iliponyesha, kuna mtu wa Tanga aliwaza nguo zake zilizoko kambani.