Godoro Ndani ya Nailoni

Nilipofika Githongo nilikuwa na miaka kumi, na nilijua jambo moja kunihusu: ninaweza kurudishwa. Nyumba mbili za walezi zilikuwa zimeshanirudisha. Ya kwanza ilisema ninakojoa kitandani. Ya pili haikusema kitu. Kabla ya hapo, baada ya kumzika mama yangu, nililala chini ya meza za nyanya sokoni Gakoromone, nikajifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia bidhaa.

Mlezi wangu mpya alikuwa mjane mwenye kahawa kidogo na mbuzi mmoja. Nilimwita Mama, lakini kwa sauti ndogo. Alininunulia godoro jipya, nami nikaogopa kulilalia. Kila jioni nilitandaza gunia sakafuni. Alfajiri nililificha chini ya kitanda, kisha nikanyoosha blanketi mpaka lisibaki na mkunjo hata mmoja.

"Huyu mtoto ni msafi kunishinda!" aliwaambia wenzake wa kanisani. Nikaona aibu. Sikuwa msafi, nilikuwa mwoga tu.

Baada ya miezi mitatu afisa wa watoto alikuja kutukagua. Alifunua blanketi. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani.

"Mama, hili ni la kuonyesha wageni? Mtoto analala wapi?"

Mama aliigusa ile nailoni kwa kidole. Afisa akainama, akavuta lile gunia. "Leo nitaondoka naye," akasema.

Ikabidi niseme. "Ni mimi. Yeye hajui. Nilitaka likae jipya, ili mkinirudisha, alirudishe dukani likiwa safi."

Mama akatoka. Nikajua anakwenda kunifungia nguo. Alirudi na kisu cha jikoni, akaipasua nailoni kutoka juu hadi chini.

"Miezi mitatu! Na mimi najisifu kanisani! Haya, sasa duka gani litalichukua?"

Afisa akafunga faili lake.

Usiku huo nikalikojolea, bila shaka. Asubuhi tulilianika juu ya ua wa miiba ya kaiyaba, kando ya njia ya kiwanda cha kahawa, watu wote wakiona. Nilitamani ardhi inimeze. Jirani akapita na mtungi wa maziwa, akasimama, akacheka.

"Naona kwako kuna mtoto siku hizi!"

"Yuko," Mama akajibu, akiligeuza godoro upande wa pili. "Na chai yake inapoa."