Ufa Kwenye Tangi la Samaki

Mume wangu alifariki Jumatano, tarehe tisa Aprili, baada ya sala ya alasiri. Kesho yake asubuhi, kabla watu hawajajaa, wanaume wa familia walitoa vyombo vyote sebuleni ili mikeka itandikwe, kama ifanywavyo kila penye msiba hapa kwetu Tandale. Makochi yalitoka, kabati likatoka, na tangi la samaki la marehemu likatoka pia. Jioni niliwakuta samaki wake watano katika beseni la kufulia. Kwenye kioo cha mbele cha tangi, kuanzia pembe ya chini upande wa kulia, palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, urefu wake kiganja kimoja. Sikuuliza kitu. Siku ile hapakuwa na nafasi ya kuuliza habari za kioo.

Nikakaa eda. Watu wa nyumbani walihesabu miezi minne na siku kumi kwa kalenda ya ukutani, wakapata tarehe kumi na tisa Agosti. Mimi nilihesabu kwa mwezi mwandamo, nikapata Ijumaa, tarehe kumi na tano, na shehe alikubali hesabu yangu. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na miaka thelathini na nane, katika darasa la watu wazima, na mwalimu alitutaka tuandike tarehe kabla ya neno lolote. Sijaiacha tabia hiyo. Kazi za darasani nilizifanyia mbele ya tangi lile, kwa kuwa taa yake ilikuwa na mwanga kuliko zote nyumbani. Mume wangu alikaa pembeni akijifanya anawatazama samaki, kumbe anasoma daftari langu.

Mwezi wa Julai mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu ninayeishi naye, alianza kusimama kwa kushikilia vitu. Wakati huohuo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alitaka kulirudisha tangi mahali pake, ili nitakapotoka eda niikute sebule kama ilivyokuwa. Kwa kuwa eda ilitutenga, yeye alisema akiwa uani na mimi nikajibu nikiwa nyuma ya pazia la mlango. Alisisitiza kwamba ule haukuwa ufa, ulikuwa mkwaruzo tu. Nilitamani sana awe amesema kweli. Lakini tangi lile linachukua ndoo kumi na mbili za maji, na meza yake ni fupi. Mtoto akisimama, kioo cha kushikilia ni hichohicho.

Nikamwomba aliweke juu ya matofali uani, alijaze nusu, kisha aende zake. Ilikuwa Jumamosi, tarehe mbili Agosti. Alipoondoka nilitoka na kalamu ya wino mzito, nikachora mstari mfupi pale ufa ulipoishia, na kando yake nikaandika tarehe. Jumapili ufa haukusogea, wala Jumatatu, wala Jumanne. Jumatano binti yangu akajaza maji mpaka juu. Alhamisi matofali yalikuwa makavu, nami nikaanza kufikiria pazia gani litaendana na sebule ikishapangwa upya.

Ijumaa, tarehe nane, ufa ulikuwa umeuvuka mstari wangu kwa upana wa punje ya mchele.

Shemeji alipokuja nilimweleza. Alikagua matofali, akasema kutoka upande wake wa pazia kwamba siku sita zimepita na hakuna hata tone lililodondoka.

"Halivuji, shemeji, lakini ufa unatembea," nilimwambia. "Siwezi kumwekea mtoto kitu kinachotembea."

Nilisikia nyayo zake zikienda kwenye tangi, kisha zikirudi.

"Ni mie," alisema hatimaye. "Wenzangu walitaka tuyamwage maji kwanza. Nikakataa. Niliona kama tunamwaga kitu chake. Tukalinyanyua likiwa na maji nusu, kioo kikalia ka!"

Nilishukuru kwamba hatukuwa tukitazamana. Nilimwambia kwamba hata mimi, siku ile, nisingethubutu kuyamwaga. Kisha nikamwomba ayamwage sasa, na nikasikia akiyachota ndoo baada ya ndoo, akimwagilia mchicha wangu.

Eda ilikwisha siku niliyoihesabu. Kesho yake, Jumamosi, safari yangu ya kwanza ilikuwa Manzese, kwa fundi vioo, tangi likinifuata kwenye guta la magurudumu matatu. Fundi alinipa shikamoo, akapitisha ukucha juu ya ufa, nje kisha ndani. Ukucha ulinasa kote kuwili.

"Huu umetoboa, mama. Nikipaka gundi ya silikoni nitakuwa nauficha tu, sijauponya." Akapima kwa utepe, akatikisa kichwa, akapima tena. "Ila ufa umekaa pembeni. Nikilifupisha, vioo vilivyobaki ni vizima. Utakubali tangi dogo?"

Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Alilivunja kwenye viungo, akakata vioo vya mbele, nyuma na chini, akaviunga upya. Likawa la ndoo saba. Nililijaribu tena uani kwa siku kumi, na safari hii sikuwa na ufa wa kuuchorea mstari. Nilitandika magazeti chini nikaandika tarehe juu yake. Yalibaki makavu.

Jumapili, tarehe saba Septemba, shemeji aliliingiza ndani kwa mikono yake. Mlangoni aliliinamisha mbele yangu.

"Kagua, shemeji. Halina hata tone."

"Nakagua," nikasema, na kweli nikapitisha kidole ndani.

Samaki waliokuwa wamebaki ni watatu. Tulipolijaza maji na kuwasha taa, mjukuu wangu alitambaa hadi pale, akajivuta, akasimama, akabandika viganja vyote viwili kwenye kioo. Binti yangu alinyoosha mkono ili amtoe. Nilimwambia amwache.