Mtamba Aliyemkimbiza Mzee Halkano

Mzee Halkano alipoingia dukani kwangu hapa Garsen mara ya kwanza, nilidhani anataka kamba ya kufungia ng'ombe.

"Mama Iha," akasema, "ile baiskeli nyembamba, bei gani?"

Ilikuwa baiskeli ya mbio, mtumba wa Mombasa, iliyoingia kwenye fungu nililonunua bila kukagua vizuri. Huku kwetu nani ataipakia gunia la mkaa? Ilining'inia ukutani ikila vumbi. Lakini muuzaji haonyeshi kidonda chake.

"Hiyo ghali, mzee. Unampelekea nani?"

"Mimi mwenyewe. Kuna mashindano Kilifi. Unaogelea, unapanda baiskeli, halafu unakimbia. Yote siku moja."

Nikacheka mpaka leso ikanidondoka. Mzee mwenye wajukuu wa sekondari!

"Cheka tu. Mto nimevuka tangu mtoto, nimeshika mkia wa ng'ombe. Kukimbia, nani anamshinda mchungaji? Imebaki baiskeli."

Mengine niliyapata kwa bintiye, Abdia. Ukame ulipomaliza ng'ombe zao, mzee alikaa kitako mpaka miguu ikavimba na presha ikapanda. Daktari akamwambia atembee. Akawa anatembea mpaka Minjila na kurudi, na kutembea kukageuka kukimbia. Katika uzao wa ng'ombe alioachiwa na babake, mzee alibakiwa na mtamba mmoja tu, mwekundu, hajazaa bado.

Huyo ndiye niliyemtaka. Nikasema, baiskeli kwa mtamba. Akakataa, akaenda zake, akarudi, tukavutana. Mwishowe akaja na lake:

"Nipe baiskeli. Nikimaliza kabla wenye mashindano hawajafunga njia muda ukiisha, ni yangu, na nitavaa fulana yenye jina la duka lako. Nisipomaliza, mtamba wako."

Nikampa mkono upesi, asije akabadili nia.

Kilifi nilikwenda mwenyewe. Mali yangu siichungi kwa simu. Filimbi ilipolia, wenzake walijirusha majini. Yeye aliinama kwanza akayapiga maji kwa viganja, pa! pa!, kufukuza mamba.

"Mzee, hapa hakuna mamba!" kijana mmoja akamcheka.

"Mamba ndivyo anavyotaka udhani," akajibu, akaingia.

Kosa lenyewe lilifuata. Mtu anayevuka mto Tana haelekei pale anapotaka kutokea. Huelekea juu, mto umshushe. Halkano akafanya vivyo hivyo, akaliacha kando boya la kuonyesha njia, akingoja maji yamrudishe. Maji ya ghuba asubuhi ile yalikuwa yamelala. Hayakumrudisha popote. Wenzake walikuwa tayari juu ya baiskeli, yeye bado yuko kwenye mashua zilizofungwa ng'ambo, akijigeuza. Akatoka wa mwisho.

Nikaanza kumfikiria mtamba, nimjengee zizi upande gani. Kisha mzee akavaa fulana yake, akapanda, na nikaliona jina la duka langu likienda nyuma ya watu wote, huku watu wakipiga picha. Hesabu ikanigeukia. Mtamba ningepata, lakini nani tena angenunua baiskeli kwangu?

Nikakimbilia kando ya barabara. "Kanyaga, mzee! Kanyaga!"

"Unataka nini, mama, mtamba au baiskeli?" akaniuliza akinipita.

"Kanyaga kwanza!"

Akakanyaga. Aliposhuka akakimbia kama anayemfuata ndama aliyepotea machakani, bila madaha, kichwa chini. Vijana wa kufunga njia walikuwa wamesimama na kamba mkononi. Akapita. Kamba ikafungwa nyuma yake.

Akaketi chini, akamshukuru Mungu, halafu akanitazama.

"Asante, Mama Iha. Ungeniuzia tu kama watu wengine, ningeacha palepale majini. Maisha yangu yote nimekimbiza ng'ombe. Leo ng'ombe amenikimbiza mimi."

Basi nikapoteza baiskeli iliyokuwa haiuziki, na mtamba ambaye hakuwahi kuwa wangu. Yeye alipoteza ukucha wa kidole gumba cha mguu, na anasema presha nayo aliiacha hukohuko. Siku hizi wazee wenzake wanakuja dukani kuuliza baiskeli nyembamba, nami naagiza, na ninakagua.

Mtamba amezaa. Abdia huniletea maziwa kwenye kibuyu, na nikitaka kulipa, babake hutuma neno kwamba hajauza kitu. Mimi si mwepesi wa kushukuru. Lakini kibuyu kile nakipokea kwa mikono miwili.